Niliwafinyangia Askari wa Mchezo, Wakaniita Mchawi!

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na muache kuchekacheka. Nawajua. Mkisikia bibi kizee anasimulia habari za mchezo mnadhani ni hadithi ya sungura na fisi. Siyo. Haya yalinipata mimi, kwa mwili huu huu, na mpaka leo nikisikia filimbi inapulizwa kwa mbali naacha ninachofanya nikatega sikio.

Nimeshavuka miaka sabini. Mume alinifia zamani. Shule sikuikanyaga. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Sasa naishi Misigiri kwa binti yangu, lakini kwetu siyo huku. Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Issuna, hapa hapa mkoa wa Singida. Jina lake sitaliandika, maana wengine waliohusika bado wako hai na wana wajukuu wasio na kosa.

Kule nilikuwa mfinyanzi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake pia. Kila nyumba ya kijiji kile ilikuwa na chungu changu jikoni na mtungi wangu wa maji kwenye kona. Watu waliniheshimu... na kuniogopa kidogo, maana mdomo wangu haujui kubembeleza. Shikeni hilo la kuniogopa. Litarudi.

Nilimlea mtoto wa marehemu kaka yangu, jina lake Elia. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Nilichimba udongo naye akiwa mgongoni, nilichoma vyungu naye akiwa mgongoni. Alipokua akaenda mjini, mbali, akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo cha serikali. Nikasema moyoni, nitazeeka vizuri, nina mtu.

Ikaja miaka ile ya ruksa. Kila kitu ruksa! Mitumba ruksa, walanguzi wa alizeti kuja na malori yao ruksa, vyama vingi ruksa. Na viwanda kufungwa, ruksa pia! Ushirika wetu ukafa, ghala lake likabaki na popo. Elia wangu akapunguzwa kazi. Wenzake walirudi na redio, na godoro, na baiskeli. Yeye alirudi na begi moja na mchezo.

Alifundishwa na fundi mmoja mgeni pale kiwandani, Mzungu aliyekuwa na askari wadogo wa bati. Ni hivi. Mnamwaga mchanga juu ya meza. Mnapanga mawe yawe milima, kipande cha kanga ya bluu kinakuwa mto. Kila upande una jeshi lake la askari wa kimo cha kidole, na jemadari mmoja. Unapima kwa kamba yenye mafundo askari wako atatembea mpaka wapi. Unarusha dadu kujua nani amekufa. Jemadari wako akiuawa, basi, umeshindwa.

Vijana wa kijiji walinasa kwenye mchezo ule kama nzi kwenye maziwa. Kazi hakuna, alizeti imeshavunwa, wafanye nini? Wakaunda klabu, wakahamia kwenye ghala la ushirika. Walianza na vizibo vya soda. Siku moja Elia akanijia na uso ule wa mtoto anayetaka kitu.

"Shangazi, hakuna mwingine wa kutufinyangia askari ila wewe."

"Mimi nafinyanga vyungu. Sifinyangi watu."

"Hawa siyo watu, shangazi. Hawali!"

Akacheka, na mimi nikacheka. Mtoto uliyemlea anajua mlango wa moyo wako uko wapi na unafunguliwa vipi. Nikafinyanga. Jeshi moja nikalisugua udongo mwekundu, jingine nikaliacha jeusi la moshi. Nikawachoma pamoja na vyungu vyangu, moto mmoja.

Haikuishia hapo. Vijana wale wakicheza walikuwa wanashikana mashati. Huyu anasema kamba umeivuta, yule anasema dadu umeisukuma kwa kidole. Wakakubaliana apatikane msimamizi asiyecheza, mtu asiyebishiwa. Wote wakanigeukia mimi! Nikawa nakaa kwenye kigoda na mwiko wangu wa ugali mkononi. Kamba imefika, imefika. Haijafika, haijafika, kaa chini! Hakuna aliyeninyanyulia sauti. Nami, niseme kweli, nilifurahi. Mjane anazoea kuwa peke yake. Ghafla nilikuwa na watoto tele wananiita shangazi.

Ndipo wakaja na wazo la mashindano. Jumamosi na Jumapili, klabu yetu iwaalike vijana wa Manyoni na wa Singida mjini waliokuwa wameuiga mchezo ule kwa vijana wetu. Msimamizi mimi, chakula mimi, askari wa kuongezea mimi. Rafiki yangu Mama Pili, jirani wa ukuta kwa ukuta, akakubali kunisaidia kupika.

Siku chache kabla ya wageni kufika, Elia akanijia tena. Klabu ya nyumbani inataka jemadari wake maalumu. Anataka afanane na Mzee Mughenyi.

Mzee Mughenyi alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji, walinzi wetu wa jadi. Mtu wa tumbo kubwa, koti refu la jeshi la mitumba analolivaa jua liwake mvua inyeshe, filimbi shingoni. Alikuwa mkali. Wiki hizo alikuwa amemkamata Elia akizurura wakati wa kazi za kijiji, akambebesha mawe ya kujengea shule mbele ya wasichana. Elia hakulisahau.

Nilisita. Nilimwambia, mtu mzima yule, Elia, na ana cheo. Akasema ni utani tu, shangazi, jemadari ni mtu wa heshima, tunampa heshima! Mtie tumbo. Mtie na koti.

Nikamfinyanga. Tumbo nikalitia, koti nikalitia mpaka mikunjo yake, filimbi nikaibandika kama punje ya ulezi. Nilipomtoa kwenye moto nilishtuka mwenyewe. Alikuwa yeye.

Jumamosi wageni wakashuka kwenye lori la mlanguzi, vumbi mpaka kwenye kope. Tuling'oa milango ya nyumba zetu tukailaza juu ya mapipa iwe meza. Ghala likajaa. Vijana wetu wakawa wanamsogeza jemadari wao huku wanaiga sauti yake nzito: "Simama hapo! Nani huyo? Mikono juu!" Mpaka Mama Pili, aliyekuwa anasonga ugali, akashika mbavu kwa kucheka.

Mara mlango ukaziba. Mzee Mughenyi mwenyewe!

Vijana, "Shikamoo mzee, shikamoo mzee", kila mmoja anatazama miguu yake. Na yule jemadari amesimama juu ya meza na koti lake na tumbo lake! Niliona fimbo mkononi mwa mzee, nikaona migongo ya watoto wale. Sikufikiri. Nilichukua chungu kidogo cha mlenda kilichokuwa tupu nikamfunika nacho yule jemadari wa udongo.

Nani alinitazama nikifanya hivyo? Mama Pili.

Mzee akauliza tunacheza nini. Akaambiwa vita. Akasema vita anavijua yeye, alivipigana, havichezwi. Lakini harufu ya kuku ilimshika. Akakaa, akala paja, akanishukuru, akasema watoto hawa wakikuletea fujo niite. Akaenda zake. Ghala likalipuka kwa kicheko. Mimi nikafunua chungu.

Jumapili ikawa fainali, Elia na kijana mmoja wa Manyoni. Watu walisimama mpaka nje. Klabu zile zilikuwa na desturi yao: jemadari anayeuawa kwenye fainali anavunjwa shingo, na mshindi anaondoka na kichwa kwao, ndiyo kombe lake. Dadu ikarushwa. Nikapima kwa kamba. Kamba ilikuwa imefika, na mimi sikuweza kuipendelea damu yangu. Nikasema imefika.

Yule wa Manyoni akamchukua jemadari, akamvunja shingo... tak! Na ghala zima, wageni kwa wenyeji, wakapaza sauti:

"Kamanda amekufa! Kamanda amekufa!"

Sauti ile ilifika kisimani. Wanawake waliokuwa wanachota maji waliisikia.

Wageni wakaondoka na kichwa chao. Mimi nikaokota askari waliovunjika, nikaokota na kile kiwiliwili, nikafanya kama mama alivyonifundisha. Kwetu wafinyanzi, udongo ulioingia motoni ukavunjika hautupwi njiani. Unarudishwa kwenye shimo ulikochimbwa, unafukiwa, ili shimo lisije likakunyima siku nyingine. Nimefanya hivyo na vigae vya vyungu tangu utoto. Nikaenda shimoni, pale korongoni karibu na kisima, nikawafukia. Jua lilikuwa linawaka, watu wanapita, nasalimiana nao. Nilikuwa naficha nini?

Jumatatu ilikuwa siku ya mnada. Mzee Mughenyi alikuwa katikati ya ng'ombe, anapuliza filimbi watu wapishe njia. Filimbi ikakatika katikati. Akaanguka chali. Mdomo ukaenda upande, mkono mmoja ukafa, maneno hayatoki. Wakamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, na lori likamkimbiza hospitali ya misheni.

Nilisikitika kama watu wote. Nilikwenda kumpa pole mkewe. Sikuwaza lolote, naapa kwa Mungu, sikuwaza lolote...

Kesho yake Pili, binti wa jirani yangu, alikwenda shimoni kuchota udongo wa kusiriba nyumba. Jembe likatoa mtu mdogo wa udongo. Ana koti. Ana tumbo. Ana filimbi. Kichwa hana.

Alipiga yowe lililosikika kijiji kizima.

Mimi nilisikia yowe, sikujua ni la nini. Hakuna aliyeniambia. Nilianza kujua kwa vyungu.

Asubuhi iliyofuata nilitoka nikakuta chungu kimoja mlangoni pa ua. Changu, nilikijua. Nikadhani kimepasuka, mwenye nacho anataka nimbadilishie. Nikakigonga kwa kidole. Kikalia vizuri. Kizima! Nikashangaa, nikakiingiza ndani.

Kabla sijamaliza kufagia, cha pili. Kisha mtungi. Kisha vibakuli vya mboga. Nilimwona mwanamke mmoja akikiweka chake chini, nikamwita kwa jina. Hakugeuka. Alikimbia! Mwanamke niliyemzalisha!

Wanangu, mmewahi kuona kazi ya mikono yenu ya maisha yote inarudi nyumbani, kimoja kimoja, bila neno? Hawakudai chochote. Hawakutukana. Waliweka tu na kuondoka. Mpaka jua linasimama utosini ua wangu ulikuwa umejaa, na vyungu vile vyote vimenielekezea midomo yao.

Nikaenda kisimani. Wanawake wakabeba ndoo zao, zilizojaa na zisizojaa, wakaondoka. Watoto waliokuwa wanakimbilia kuniamkia wakajificha nyuma ya ukuta, mmoja akinong'ona, "Ndiye aliyemfukia Kamanda." Nikamuuliza Mama Pili kwa Kinyaturu, lugha yetu, kuna nini, ndugu yangu? Akanijibu kwa Kiswahili, kama unavyomjibu mgeni: "Waulize wenye kijiji." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekwisha.

Nikamtafuta Elia. Nilimkuta kwa jirani anakula. Nani alimpikia siku zote? Mimi! Nilipomwambia twende wote kwa mwenyekiti tukaeleze habari ya mchezo, alisema nitangulie, anakuja.

Hakuja.

Sisi wa Singida tuna kumbukumbu mbaya za mambo haya. Nilipokuwa msichana nilimwona mzee mmoja akisindikizwa kuelekea korongoni na wanaume wenye pinde, kwa sababu ng'ombe walikufa na yeye alikuwa anaongea peke yake. Walirudi wao. Yeye hakurudi. Picha ile haikuwahi kunitoka. Sasa nilikuwa najiona mimi ndani yake.

Waliniita kwenye ghala. Ghala lile lile! Milango ilikuwa bado juu ya mapipa, mchanga bado umemwagwa, ile kanga yangu ya bluu bado ni mto. Wanaume wa sungusungu wamekaa na pinde na marungu. Mwenyekiti wa kijiji akakiweka kile kiwiliwili katikati ya meza. Watu walirudi nyuma kama ameweka nyoka.

Akauliza nani amefinyanga hiki. Nikasema mimi.

Akauliza nani alikifukia. Nikasema mimi, na nikaeleza desturi ya wafinyanzi. Minong'ono ikapita. Mama Pili akasimama, bila kunitazama, akasema Jumamosi alimwona mama huyu akimfunika Kamanda kwa chungu, Kamanda mwenyewe akiwa amesimama mlangoni. Alisema kweli! Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana sikuwa na pa kushika.

"Na kichwa kiko wapi?" mwenyekiti akauliza.

Nikasema kiko Manyoni.

Laiti mngesikia mguno ule. Kichwa cha Kamanda kimepelekwa Manyoni! Kwa nani? Kufanyiwa nini? Mwanamke mmoja akaanza kulia.

Nikasema kwa sauti, huu ni mchezo wa vijana wenu! Niliagizwa! Waulizeni, wako hapa! Na kweli walikuwepo, wamesimama ukutani, wale wale walioniita shangazi, wale wale waliokula ugali wangu. Nikamtazama Elia. Mwenyekiti naye akamtazama.

"Kijana, wewe ndiye uliyemwagiza shangazi yako amfinyange Kamanda?"

Elia alikuwa anachezea kifungo cha shati. Nilimshonea mimi kifungo kile.

"Mimi nilimwomba askari tu," akasema. "Sura na koti aliweka mwenyewe. Mambo mengine ya kwake mimi siyajui."

"Elia!" nikamwita.

Hakuinua macho. Wenzake wote kimya. Ningepigwa rungu la kichwa ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia. Mambo mengine ya kwake! Mtoto aliyelala juu ya mgongo wangu!

Wengine walitaka nitolewe nje saa ile ile. Mwenyekiti akawazuia. Alisema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikifumba macho: "Tumsubiri mgonjwa. Akipona, tutajua. Akifa, pia tutajua."

Wakanirudisha nyumbani. Wakaingia uani, wakavunja vyungu vyote. Vile vilivyorudi na vile vipya. Rungu linapanda, linashuka. Kati ya waliovunja walikuwemo vijana wawili wa klabu, nao walikuwa wanavunja kwa nguvu kuliko wote, ili waonekane hawahusiki. Sikulia. Nilisimama nimeshika mlango... mlango haupo, uko ghalani. Nilishika ukuta.

Wakaweka walinzi pale uani nisiondoke. Hapo ndipo nilipojua woga, vijana. Ninyi mnasema mnaogopa mtihani, mnaogopa mbwa. Mmewahi kuishi kwa pumzi ya mtu mwingine? Mzee Mughenyi alikuwa kalala mbali, hospitali, na kila pumzi aliyovuta ilikuwa ni yangu. Ikikatika yake, imekatika yangu.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya mashamba ya alizeti. Nilikaa nimetega sikio upande ule. Mwanamke akimwita mwanawe kwa nguvu, mimi nasikia msiba. Kuku akipiga kelele, nasimama wima. Gari likipita barabarani nasema wanaleta maiti. Nilikuwa namwombea yule mzee kuliko mkewe alivyomwombea! Mungu wangu, mpe pumzi yake, mpe mkono wake, mpe ulimi wake...

Na Elia? Mlinzi mmoja alinionea huruma akaniambia: amepanda lori la alizeti, amekwenda zake mjini. Hata kuja kunitazama kwa mbali hakuja.

Siku moja mchana nikasikia vigelegele. Nilidhani akili imeniruka. Vigelegele havipigwi msibani! Mlinzi akaja mbio: Mzee amerudishwa. Yuko hai. Na anataka waliohusika wote wafike ghalani.

Wakanipeleka. Walinishika mikono. Mzee Mughenyi alikuwa kwenye kiti, amekonda, koti limekuwa pana. Mkono mmoja umelala pajani kama wa mtu mwingine. Mkewe amesimama nyuma yake. Mwenyekiti akamweleza yote, kisha akafunua kitambaa akaonyesha kile kiwiliwili, akisema asikiguse.

Mzee akanyoosha mkono wake mzima akakichukua. Watu wakashika midomo. Akakigeuza. Akakitazama tumbo, akakitazama koti. Mimi nilikuwa nimefumba macho nasubiri neno lake.

Maneno yalimtoka nusu nusu, kwa upande mmoja wa mdomo, lakini tulisikia. Aliuliza kichwa kiko wapi. Nikasema amekwenda nacho kijana wa Manyoni, mzee, ndiyo kanuni ya mchezo wao, anayeshinda anaondoka nacho.

"Kwa hiyo... nilishindwa... na Manyoni?"

"Ulishindwa, mzee. Kamba ilifika."

Kisha akamgeukia mwenyekiti. Akasema daktari alimwambia habari ya presha tangu mwaka uliopita. Alimpa vidonge, akamkataza chumvi na nyama. Vidonge alivitupa chooni, kwa kuona haya kwamba kamanda anakula dawa kama mtoto. Hata mkewe hakujua. "Ugonjwa huu... ni wangu," akasema. "Nilikuwa nao... kabla ya mchezo. Mwacheni mama wa watu."

Akakitazama tena kile kidude, akatikisa kichwa.

"Lakini tumbo... si kubwa hivi."

Watu wakacheka! Ghala zima lilicheka, wale wale wa pinde, wale wale wa marungu. Mama Pili alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Wakaja kunishika mikono, pole mama, shetani tu, mambo yamekwisha. Mimi sikucheka. Mkojo, niwaambie ukweli kwa kuwa mimi ni mtu mzima, ulikuwa umeshanitoka.

Yalikwisha kwao. Kwangu hayakwisha. Nilirudi kufinyanga. Nikapeleka vyungu mnadani. Watu wananisalimia vizuri, wanagonga chungu kwa kidole, wanakisifia, wanapita kwenda kununua sufuria za dukani. Nani apike chakula cha watoto wake kwenye chungu cha mkono uliowahi kuogopwa? Nikakaa hivyo mpaka binti yangu, aliyeolewa huku, alipokuja kunichukua. Niliacha shimo la mama yangu na la bibi yangu. Udongo wa huku Misigiri sijauzoea mpaka leo.

Mzee Mughenyi aliishi miaka mingine mingi. Alipokufa nilikwenda kumzika, nikatupa udongo kaburini kwa mkono wangu. Watu walinitazama. Waache watazame.

Elia alirudi. Ilipita miaka mingi, ana mke, ana watoto, ana mvi. Alisimama mlangoni hapa, "Shikamoo shangazi." Nikamjibu marahaba, maana shikamoo haina kosa. Nikampa kiti, nikampa ugali. Alipomaliza kunawa akapiga magoti, akasema: "Shangazi, nisamehe. Siku ile niliogopa."

Nikamwambia, "Na mimi niliogopa, Elia. Niliogopa kuliko wewe. Lakini nilipoulizwa, nilisema ni mimi."

Alilia. Nilimsamehe, lakini mgongo wangu haujasahau uzito wake.

Vijana, nawaomba. Sisemi msicheze. Chezeni! Mchezo ule ulikuwa mzuri, na mimi niliupenda. Lakini msimchukue mtu aliye hai mkamfanya kitu cha mchezo, halafu mkamwachia mwingine mzigo wa kucheka kwenu. Utani una mwenyewe. Na msidhani uwongo ule ulikuwa mkubwa. Maneno yenyewe yalikuwa machache mno, ameyasema kijana mwema, anayenipenda, huku anachezea kifungo. Yanatosha kuua mtu.

Juzi niliwakuta wajukuu zangu nyuma ya nyumba wanafinyanga ng'ombe wa udongo, kama watoto wote. Mdogo wao alikuwa amefinyanga na mtu. Nikamuuliza huyu nani. Akasema ni mwalimu wake, kisha akacheka, kisha akasema siyo yeye aliyefinyanga, ni dada yake.

Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, binti yangu, mkwe wangu, hata mtumishi wa ng'ombe. Nikawasimamisha uani kwenye jua, nikawaambia:

"Finyangeni ng'ombe mpaka zizi lijae. Mtu msimfinyange. Mkimfinyanga, msimpe jina. Na mkimpa jina, siku watu watakapokuja kuuliza, aliyempa jina asimame wa kwanza, aseme ni mimi. Asiyeweza kusema hivyo, udongo wa nyumba hii asiuguse. Haya, naweni mikono."